Mizani ndiyo inayobeba taka Dar: tathmini ya huduma za taka rejeshi na taka hatarishi za nyumbani

Ukitaka kujua kama kitu fulani kitachukuliwa nyumbani kwako Dar es Salaam au kitaishia mtaroni, usiulize kina sumu kiasi gani. Uliza kinanunuliwa shilingi ngapi kwa kilo. Shaba haifiki dampo. Chupa ya maji iliyotupwa Kariakoo asubuhi, adhuhuri imeshaingia kwenye salfeti la mtu. Lakini taa ya tyubu iliyoungua, nusu kopo la thina na kipima joto cha zebaki kilichopasuka havina mnunuzi, na kwa kuwa havina mnunuzi havina gari. Huduma zinazopitiwa hapa zinapimwa kwa jambo hilo: inachukua nini, inakataa nini, na inapoharibika inaharibikia wapi.

Gari la taka la kata ndilo kila kaya inalolilipia, kwa hiyo lianze. Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na Halmashauri ya Jiji iliyochukua eneo la Ilala mwaka 2021, hukabidhi kata zao kwa wazabuni. Wapo wenye Fuso na magari ya kushindilia, wapo vikundi vya kijamii vyenye kirikuu, na kwenye vichochoro ambako tairi haipiti kuna guta na mikokoteni inayopeleka mzigo hadi kwenye kizimba cha kukusanyia taka. Mwisho wa safari ni dampo la Pugu Kinyamwezi, kama kilomita 30 kutoka Posta, katikati ya jiji. Kabla ya hapo jiji lilitupa taka Tabata, mpaka wakazi wakaenda mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Vingunguti, kisha Mtoni. Sasa dampo liko mbali zaidi na mji, na ratiba ya gari imelegea.

Umbali huo unaeleza malalamiko karibu yote ya wateja. Gari moja likienda Pugu na kurudi kwenye foleni, siku imekwisha. Masika, barabara ya ndani ya dampo hugeuka tope, magari yanapanga foleni ya kumwaga, na mtaa uliopangiwa Jumanne unafikiwa Alhamisi. Kwa hiyo mkusanyaji asiyefika siku mbili mwezi Aprili si lazima awe mzembe, ila asiyefika wiki mbili mwezi Agosti ni mzembe. Malalamiko yapeleke kwa maandishi kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata, ukiambatanisha risiti zako za malipo. Ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au upewe risiti ya mashine. Mtu anayepita mlangoni na daftari lake la mkono huwezi kumdai kitu baadaye.

Kwa mabaki, yaani nepi, vumbi na karatasi chafu, huduma hii inatosha. Kwa taka ulizozitenganisha ni kujichosha bure. Ukiweka chupa kwenye mfuko mmoja na maganda kwenye mwingine, vyote vinaangukia bodi moja ya Fuso. Anayetenganisha ni kijana aliyesimama juu ya mzigo, na utaona mifuko yake ya chupa imening'inia ubavuni mwa gari. Kama huna njia nyingine, mkabidhi yeye mfuko wa rejeshi mkononi, usiutupe garini. Na kwa kuwa wengi wao hufanya kazi bila glavu, kuna vitu vinne visivyopaswa kuingia kwenye kiroba: vioo vilivyovunjika bila kufungwa (viweke kwenye boksi, andika VIOO kwa herufi kubwa), sindano, majivu ya mkaa yenye moto ndani, na betri za simu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazounguza magari. Ya kushindilia yana hatari zaidi, maana betri ya lithiamu ikibanwa inapasuka na kuwaka yenyewe.

Zaidi ya nusu ya uzito wa ndoo ya nyumbani ni taka zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, vichwa vya samaki. Hizo ndizo zinazonuka na kuvuja, na ndizo zinazolazimisha gari lije mara mbili kwa wiki. Ukizichuja maji na kuzitoa, kilichobaki kinaweza kukaa muda mrefu zaidi bila nzi. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, chenye uwezo wa kupokea hadi tani 50 kwa siku. Lakini kililenga taka za masoko, mwenye ndoo moja hakimhusu. Mwenye uwanja atoboe ndoo ya lita 20 chini na ubavuni, aweke sehemu moja ya maganda kwa sehemu mbili za majani makavu au maranda, na ageuze kila wiki. Samaki na nyama visiingie humo, panya wa Dar hawahitaji mwaliko.

Sasa mizani. Wanunuzi wa taka rejeshi mtaani, wale wenye kibanda cha mabati, mizani ya kuning'iniza na malundo ya salfeti, ndio huduma bora ya urejelezaji jijini, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Wanafungua mapema, wanalipa taslimu, na hawakuhubirii. Udhaifu wao unatoka palepale penye nguvu yao, kwa sababu wananunua kile tu ambacho kiwanda kinanunua wiki hiyo. Mpangilio wa thamani haubadiliki sana: shaba juu, kisha brasi, kisha aluminiamu, chini yake chuma, plastiki na maboksi. Bei yenyewe hubadilika, na ya plastiki huyumba pamoja na bei ya mafuta duniani, maana plastiki mpya ikiwa rahisi hakuna anayehangaika na iliyotumika. Uliza bei kabla ya kubeba, si baada ya mzigo kushuka begani.

Kuhusu plastiki, tazama namba ndani ya alama ya pembetatu chini ya chombo. Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu, chupa za shampuu na za dawa ya kufulia. Namba 5 ni ndoo, viti na vifuniko vingi. Hizo tatu zina soko. Chupa angavu isiyo na rangi hulipa vizuri kuliko ya kijani au kahawia, kwa kuwa rangi haitoki wakati wa kuyeyusha. Toa maji yote, bonyeza chupa itoke hewa, na kifuniko kitenge kwenye mfuko wake, kwani ni plastiki ya aina nyingine. Chupa iliyotiwa mafuta ya kula hukataliwa, iliyotiwa mafuta ya taa hukataliwa kwa ukali zaidi, na haki yao. Chupa tupu ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja inahitaji chupa 50 na zaidi, mara nyingi karibu mia. Anayetegemea kulipia bando kwa chupa za nyumbani kwake atachoka. Kopo la aluminiamu la soda au bia nalo lina gramu 13 hadi 15, yaani kama makopo 70 kwa kilo, ila kilo hiyo ni ya bei nyingine kabisa. Ukiwa na shaka kama kopo ni aluminiamu au chuma, sogeza sumaku, maana aluminiamu hainasi.

Visivyo na mnunuzi ni vifungashio vyembamba vya nailoni, sahani nyeupe za povu za chipsi, na pakiti za juisi na maziwa zenye tabaka la karatasi, plastiki na aluminiamu kwa pamoja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala iliyoshika nafasi yake inatakiwa iwe na uzito wa angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Wengi hudhani ni kitambaa. Ni plastiki namba 5 iliyobanwa ikafanana na kitambaa, lakini kwa umbo hilo mizani haiitaki.

Mizani nayo ina mambo yake. Nenda na pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, au chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ambayo inapaswa kusoma kilo moja na nusu na ziada ndogo ya chupa. Omba ipimwe kwanza. Mnunuzi mzuri atacheka na kuipima. Anayekasirika ameshakujibu. Upande wa pili, wauzaji nao hulowesha maboksi na kutia mchanga kwenye madumu, ndiyo sababu wanunuzi hukata uzito wa mzigo wowote wenye unyevu. Maboksi yaliyonyeshewa usiyapeleke, yaanike.

Chupa za bia na soda zina mfumo wao wa kreti, tena wa zamani kuliko kampeni zote za mazingira, na unafanya kazi kwa sababu ile ile: chupa ina amana. Vioo vingine, vya mvinyo na vya jamu, vinaweza kuyeyushwa tena, na jiji lina kiwanda cha Kioo huko Chang'ombe. Tatizo ni uzito, kwani nauli ya bajaji inazidi thamani ya mzigo, hivyo subiri mjaze ghorofa nzima au mtaa. Vioo vya dirisha, bakuli za oveni na glasi za chai zisichanganywe humo, mchanganyiko wake wa madini ni tofauti na kipande kimoja huacha kasoro kwenye chupa mpya.

Mfano unaostahili sifa ni ule wa kata ya Bonyokwa, ambako asasi ya Nipe Fagio, iliyoanza kazi Dar mwaka 2013, imesaidia wakusanyaji kuunda ushirika wao. Wakusanyaji hupita nyumba kwa nyumba, taka zinatengwa kuanzia nyumbani, na zinapofika kituoni zinazooza huenda kwenye mboji, rejeshi huenda kwa wanunuzi, na mabaki pekee ndiyo yanayosafirishwa. Mzigo wa kwenda dampo ukipungua, gharama ya gari inapungua, na hapo ndipo ada ndogo ya kaya inapoweza kulipa mishahara. Hesabu hiyo ndiyo uzuri wake. Lakini kaya zikianza kuchanganya, zinazooza zinalowesha karatasi, kituo kinapoteza mauzo, na mboji inajaa vipande vya plastiki ambavyo mkulima hataki kuviona. Kata inayotaka kuiga ianze na watu wa kupita mlangoni kukagua ndoo kwa miezi kadhaa kabla ya kujenga banda. Mabanda yapo mengi, wakaguzi ndio hawapo. Hata hivyo, kituo cha namna hii hakikujengwa kwa ajili ya taka hatarishi. Huwezi kupeleka kopo la dawa ya kunguni ukategemea lipokewe.

Taka hatarishi ziko za aina mbili, na zinaharibika kwa njia mbili zinazopingana: zenye bei hufanyiwa fujo, zisizo na bei hutupwa.

Katika zenye bei, betri ya gari ni ya kwanza. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, kwa hiyo haikosi mnunuzi. Kasoro iko kwenye swali dogo ambalo lazima uulize: "Unapima na maji au bila maji?" Wengi hupima bila maji, yaani tindikali humwagwa kwanza, mara nyingi mtaroni au nyuma ya kibanda, ikiwa imebeba chembe za risasi. Ukimwaga wewe ili upate bei nzuri, umefanya uchafuzi huo bure na uani kwako watoto wanacheza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, moto wa mkaa unatosha. Ndiyo sababu kuna watu wanaoiyeyusha uani kupata chubwi za nyavu, na moshi wake unaingia damuni mwa watoto wa jirani na kuwapunguzia akili bila dalili ya haraka. Njia salama zaidi iliyopo ni kubadilishana: wauzaji wa betri mpya Gerezani na Kariakoo wengi hupokea ya zamani na kukata bei ya mpya. Kiwango cha pesa kinaweza kuwa chini kuliko kwa mtu wa skrepa, lakini betri huondoka nzima. Isafirishe ikiwa imesimama wima, vifuniko vimekazwa, ndani ya beseni la plastiki, na vichwa vyake vimefungwa tepu ya umeme. Tindikali ikimwagika sakafuni, nyunyiza magadi mpaka povu likome, kisha osha kwa maji mengi. Nguo iliyorushiwa itatoboka ukiifua, si kabla, kwa hiyo usidhani umepona.

Oili chafu ni ya pili. Kubadilisha oili ya gari dogo hutoa kama lita nne, pikipiki kama lita moja. Gereji zenye pipa huikusanya, na wanunuzi huipeleka kuchomwa kwenye matanuru au kusafishwa. Ukibadilishia oili nyumbani, irudishe kwenye dumu lake lile lile, usitumie dumu la maji ya kunywa hata ukiahidi kuliandika. Usichanganye na mafuta ya breki, petroli wala maji, kwa sababu lita moja ya petroli hufanya pipa zima liwe hatari ya moto na mnunuzi atalikataa. Filta itobolewe kichwani na ichuruzike kifudifudi kwa muda wa saa 12 kabla ya kwenda kwenye chuma chakavu. Kuna matumizi mengine yaliyoenea ambayo huonekana kama akili ya kuokoa pesa: kupaka oili chafu kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa. Mchwa hukimbia kweli. Mvua ya kwanza huiosha ikashuka ardhini pamoja na metali na masizi ya injini, na katika jiji ambalo kaya nyingi huchota kisimani, maji hayo hurudi jikoni.

Runinga za chogo na nyaya zina hadithi hiyo hiyo. Mtu wa skrepa anataka koili ya shaba iliyo shingoni mwa runinga, basi huvunja shingo, anachukua koili, na kioo anakiacha. Kioo hicho kina risasi, kwenye runinga kubwa huzidi kilo moja. Nyaya huchomwa ili plastiki iondoke, na plastiki ya nyaya ikichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu iitwayo dayoksini. Friji hukatwa bomba, gesi inatoka na sauti yake, kisha kompresa inauzwa kwa kilo. Kifaa kizima mpe anayekinunua kikiwa kizima. Anayekuambia "nitaking'oa hapahapa" mwambie aondoke.

Hapo ndipo zinapoingia kampuni za taka za kielektroniki, huduma ambayo sifa zake ni nyingi kwenye mabango kuliko mlangoni. Kanuni za taka hatarishi na za taka za kielektroniki ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zinadai kibali, kinachopitia chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, kwa anayekusanya, anayesafirisha, anayehifadhi, anayeteketeza na anayesafirisha nje. Vibali hivyo ni vya kazi tofauti. Kampuni inaweza kuwa na cha kukusanya na isiwe na cha kuchakata, na huo ndio ujanja unaowapita wateja wengi. Ukipewa karatasi, soma tarehe ya mwisho, soma kazi iliyoruhusiwa, kisha uliza maswali mawili: kioo cha chogo na betri za lithiamu huenda wapi, na mtanipa karatasi ya uzito? Anayejibu "tunarejeleza kila kitu" hajui kazi au anadanganya, kwa sababu vitu hivyo viwili vinahitaji viwanda maalumu na kwa kawaida hupangwa kusafirishwa nje ya nchi. Jibu zuri linataja ghala, kiasi kinachosubiriwa kijae kontena, na nchi ya kwenda. Kikwazo cha kaya ni kiasi. Nyingi za huduma hizi hufuata ofisi zenye kompyuta 50, wala si nyumba yenye redio moja na chaja tatu, kwa hiyo kusanyeni kwa ghorofa, kwa shule au kwa msikiti na kanisa, mfikie kilo mia kadhaa, ndipo mpige simu. Kabla ya kutoa simu toa laini na kadi ya kumbukumbu, irudishe hali ya kiwandani. Kompyuta ing'olewe diski. Kufuta mafaili hakutoshi, mafundi wa Kariakoo huyarudisha kwa dakika chache.

Siku za makusanyo, zile za maturubai na fulana, zipimwe kwa kitu kimoja: mzigo unaondoka saa ngapi na kwenda wapi. Iliyoandaliwa vizuri ina meza tofauti ya betri, mapipa yenye mchanga mkavu, mtu mmoja mwenye glavu anayeuliza kila chombo kina nini, na inakataa mbele yako kitu isichoweza kukishughulikia. Inayopokea kila kitu kwa tabasamu ni ya kuogopwa.

Upande wa zisizo na bei, betri za simu, za paweri benki na za pikipiki za umeme zinahitaji kuhifadhiwa nyumbani kwa adabu mpaka zipate pa kwenda. Funika vichwa kwa tepu, moja moja, ziweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na jiko na mbali na jua. Iliyovimba usiitoboe kutoa hewa, hewa hiyo inawaka. Ikianza kutoa moshi au mlio, toka, acha mlango wazi, usiishike. Za tochi na redio si mbaya kiasi hicho, nyingi za sasa hazina zebaki, kasoro yao ni kuvuja magadi makali yanayounguza ngozi na kuua kifaa. Ule unga mweusi wa ndani, ambao shule kadhaa zimewahi kuupaka kwenye ubao, ni mkaa na madini ya manganizi, si kitu cha kuchezea na mikono mitupu. Betri za kitufe, za saa, rimoti na vidude vya watoto, ndizo hatari kuliko zote kwa ukubwa wao: mtoto akimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Huko ni hospitali moja kwa moja bila kusubiri ianze kuuma, na usimtapishe.

Taa zitaongezeka kwenye kapu la taka miaka hii. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje taa za kubana matumizi zenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) ndani, na tyubu ndefu zinafuata hadi 2027. Kila mtu anahamia LED na za zamani zinashushwa. Kila moja ina miligramu chache tu za zebaki, ila huachiwa kama mvuke inapopasuka. Usizivunje ili ziingie vizuri kwenye ndoo. Rudisha tyubu kwenye boksi la ile mpya, simamisha nyuma ya mlango wa stoo, na uunganishe na mzigo wa vifaa vya umeme siku ya kupiga simu. Ikipasuka chumbani, toa watu, fungua madirisha dakika 15, zima feni. Usifagie. Kusanya vipande kwa kadi ngumu, chembe kwa tepu ya kunata, vyote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Kipima joto ni hadithi kubwa zaidi, maana hubeba zebaki mara mamia ya taa moja. Matone yakusanywe kwa kadi hadi yaungane, yavutwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yafungwe kwenye chupa, na yapelekwe hospitali.

Dawa zilizokwisha muda zisimwagwe chooni, shimo letu na kisima cha jirani vinasalimiana chini kwa chini. Pa kwanza pa kuulizia ni famasi ya hospitali iliyo karibu, maana hospitali zina utaratibu wa kuteketeza za kwao chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wakikataa, toa vidonge kwenye pakiti, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika au mchanga ulioloa, funga kwenye mfuko, kisha ndoo ya mabaki. Jina la mgonjwa kwenye kibandiko likwanguliwe. Sindano za insulini ziingie kwenye chupa ngumu ya Jiki bila kuirudishia sindano kifuniko chake kidogo, maana hapo ndipo watu hujichoma. Ikifika robo tatu funga kwa tepu na upeleke kituo cha afya chenye kichomea taka. Vituo vingi havikatai ukifika asubuhi na ukamwambia muuguzi ni nini kilichomo.

Rangi zimegawanyika. Rangi ya maji iliyobaki ichanganywe na mchanga au saruji kidogo mpaka igande, kisha huwa taka ya kawaida. Rangi ya mafuta na thina hazigandishwi hivyo. Acha thina chafu itulie siku mbili kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, chota ile angavu ya juu uitumie tena, na tope la chini lihifadhi. Matambara ya vanishi na mafuta ya mbao usiyakunje ukayarundika, yanajipasha yenyewe hadi kuwaka, na mafundi wa samani wa Keko wanalijua hilo. Yaanike yametandazwa kwenye waya. Chupa ya dawa ya wadudu isuuzwe mara tatu, maji ya suuza yarudi kwenye bomba la kupulizia yamalizwe kazini, kisha itobolewe ili asije mtu akauzia mafuta ya taa humo. Makopo ya kupulizia mbu kinyume chake: malizia gesi yote nje, usiyatoboe, na kamwe yasiende kwenye moto wa kuchoma majani, yanalipuka usawa wa uso.